Lango la Melaka na Sifa za Bure

Simulizi nyingi za kutembeza wageni Melaka, mji wa kale wa Malaysia, zikifika kwenye lango la Santiago huleta kisa kilekile: kwamba kipande hiki cha ngome ya Wareno kiliokolewa na ofisa Mwingereza, Stamford Raffles. Watoto hukisikia wakiwa wamepanda mizinga ya pale langoni ili wapigwe picha, na wazazi hutikisa kichwa kukubali. Kisa kinapendeza, lakini hesabu zake haziingiani.

Asili ya mji inajulikana. Parameswara, mwana wa kifalme kutoka Palembang, alijipumzisha chini ya mti wa mmelaka, akaona paa mdogo akimpiga teke mbwa wake wa kuwinda, akapenda mahali penye wanyonge majasiri namna hiyo. Hayo ni mambo ya mwaka 1400 hivi, ukipenda kuamini habari ya paa. Lisilo na shaka ni kwamba karne moja baadaye bandari hiyo ilikuwa imeshika biashara ya karafuu, hariri na vitambaa vya Gujarat. Tomé Pires, mfamasia Mreno aliyekaa pale muda mfupi baada ya mji kutekwa, aliorodhesha wafanyabiashara waliofika Melaka, na katika orodha hiyo wamo watu wa Kilwa na Malindi.

Aliyeuteka, mwezi Agosti 1511, ni Afonso de Albuquerque. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kutambulishwa sana kwa mtu huyu: miaka michache kabla, yeye na Tristão da Cunha walipita kwetu, wakaitoza Lamu kodi na kuichoma Barawa. Alipofika Melaka alihitaji ngome upesi, na mawe ya kuchonga hayakuwa karibu. Taarifa za Wareno wenyewe hazifichi alikoyapata: alibomoa misikiti, akafukua na makaburi ya masultani. Ngome tunayoambiwa ni ya Wareno ilisimamishwa kwa mawe ya ibada na mazishi ya watu wengine.

Wala sura ya lango si ya Wareno. Waholanzi waliutwaa mji Januari 1641 baada ya kuuzingira kwa miezi, kisha wakaikarabati ngome, na juu ya lango wakachonga nembo ya kampuni yao ya biashara pamoja na mwaka 1670. Umesimama pale juani ukisimuliwa juu ya Ureno, na juu ya kichwa chako nembo ni ya Uholanzi.

Sasa tuje kwa Raffles. Waingereza waliushika mji mwaka 1795 ili Wafaransa wasiupate kwa kuwa Uholanzi ilikuwa imeanguka mikononi mwao. Walijua huenda siku moja watalazimika kuurudisha, na hawakutaka kuwarudishia Waholanzi ngome madhubuti. Tena walitaka biashara na wakazi wahamie Penang, kisiwa walichokitawala. Mwaka 1807 mkuu wa Melaka, William Farquhar, akaanza kutekeleza amri ya kuibomoa.

Tunaye shahidi wa jambo hili, naye si Mwingereza. Abdullah bin Abdul Kadir, aliyekuja kujulikana kama Munshi Abdullah, alikuwa mtoto wa mjini wakati huo. Katika kitabu cha maisha yake anaeleza jinsi vibarua walivyoogopa kuvunja kuta kwa kuamini kwamba zina mizimu, na jinsi kazi ilivyoshindikana kwa masururu mpaka ikatumika baruti. Mawe makubwa kama tembo yaliruka hewani yakaangukia baharini. Ukimsoma unaona wazi kwamba aliipenda ngome ile, ingawa ilijengwa na wavamizi, kwa sababu ilikuwa sehemu ya mji wake.

Raffles, aliyekuwa karani mkuu wa serikali ya Penang, alikwenda Melaka kujiuguza, na waraka wake maarufu wa kutetea mji ni wa mwaka 1808. Kuta zilikwisha kulipuliwa. Waraka huo ulisema wakazi wengi ni wazaliwa wa pale na hawatahama, kwa hiyo mji usitupwe. Kwa hilo apewe haki yake. Lakini kusema aliiokoa ngome ni kumsifu mtu kwa kuzima moto wakati nyumba imeshakuwa majivu. Lango lilibaki katika kazi iliyosimamiwa na Farquhar, na watu wa mjini, ambao kukataa kwao kuhama ndiyo hoja iliyompa Raffles nguvu, hawatajwi kabisa.

Kinachonikera zaidi kiko karibu na mto. Makumbusho ya bahari yamewekwa ndani ya mfano wa meli Flor de la Mar, na familia hupanga foleni kuupanda. Meli yenyewe ndiyo iliyobeba hazina zilizoporwa Melaka, ikazama pwani ya Sumatra kabla mwaka 1511 haujaisha. Mji umeijengea sanamu meli ya mporaji wake.

Baada ya siku za Raffles, mengine yalifuata. Mkataba wa 1824 na Waholanzi uliwapa Waingereza mji moja kwa moja. Mwaka 1956 Tunku Abdul Rahman, kiongozi wa Malaya, alitangazia hapo tarehe ya uhuru wa nchi hiyo. Bahari ikafukiwa na maduka makubwa yakajengwa juu yake. Mwaka 2006 wajenzi wa mnara wa kuzunguka walichimba wakakuta msingi wa ngome, mnara ukahamishiwa pembeni, na mwaka 2008 UNESCO ikauweka mji katika urithi wa dunia pamoja na George Town.

Mwenye watoto aanzie kwenye jumba la mbao lililojengwa kwa kufuata maelezo ya ikulu ya sultani katika Sejarah Melayu, kitabu cha kale cha historia ya Wamalay, lililo chini ya kilima, jirani na lango. Apite langoni, apande hadi gofu la kanisa la Mtakatifu Paulo, lililoanzishwa 1521, ambako mawe ya makaburi ya Waholanzi yameegeshwa ukutani. Kisha avuke mto, aone msikiti wa Kampung Kling wenye paa la ngazi, hekalu la Wahindu na la Wachina, yote katika mtaa mmoja. Meli iachwe mwisho, ikiwa muda utabaki.