Amalgamu: maana yake na matumizi yake machimboni

MSAFIRI anayetoka Oyugis kuelekea kusini hupitia Kisii, Rongo na Awendo kabla ya kufika Migori, na kabla safari haijaisha huwa ameingia katika ukanda wa dhahabu. Kitere, Osiri, Masara na Macalder ni majina yanayojirudia katika habari za wachimbaji wadogo wa eneo hilo. Katika habari hizo hujirudia pia sentensi moja ambayo mwandishi wa makala haya ameipitisha mezani pake mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri, kwamba dhahabu "husafishwa kwa zebaki". Sentensi hiyo inapotosha. Neno linaloweza kuirekebisha, amalgamu, ni adimu sana katika magazeti yetu.

Amalgamu ni mchanganyiko wa zebaki na metali nyingine. Zebaki ni metali iliyo kioevu katika halijoto ya kawaida, nayo hushikamana na dhahabu, fedha na bati bila kuhitaji moto. Pete ya dhahabu ikiguswa na zebaki hugeuka nyeupe, kwa kuwa amalgamu imekwisha kuanza kufanyika juu yake. Chuma hakishikamani nayo kwa urahisi, na ndiyo sababu tangu zamani zebaki imekuwa ikisafirishwa katika chupa za chuma.

Jina zebaki tumelipokea kutoka Kiarabu. Lisichanganywe na Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua. Waingereza huiita metali na sayari kwa jina moja, na wapo watafsiri wetu walioifuata njia hiyo bila haja, ilhali Kiswahili kina majina mawili yaliyo wazi. Amalgamu nayo ni neno la kimataifa lililopitia Kilatini cha zama za kati. Tunalitumia katika ngeli ya i-zi: amalgamu hii imechomwa, amalgamu hizi zimechomwa.

Machimboni kazi huenda hivi. Mawe husagwa mpaka yawe unga, unga ukaoshwa ili chembe nzito zibaki, kisha zebaki hutiwa karaini na kukorogwa kwa mkono pamoja na maji. Chembe za dhahabu hukamatwa na zebaki. Zebaki iliyozidi hukamuliwa kwa kitambaa na kurudishwa chupani, na kinachosalia ndani ya kitambaa ni donge laini la rangi ya fedha. Donge hilo ndilo amalgamu, na kwa kawaida karibu nusu ya uzito wake ni zebaki.

Hapa ndipo kitenzi "kusafisha" kinapoficha jambo. Donge huwekwa motoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, ilhali dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Kwa hiyo zebaki huondoka ikiwa mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Haujateketea, ila umehama tu kutoka dongeni kwenda hewani, na sehemu kubwa ya unaovutwa na binadamu hubaki mwilini mwake. Huathiri ubongo na figo, huleta mtetemeko wa mikono na usahaulifu, na kwa mama mjamzito huweza kumfikia mtoto tumboni. Msomaji anayeambiwa kwamba dhahabu "ilisafishwa" hana sababu ya kuuliza uchafu ulikwenda wapi.

Mvuke ukipoa hurudi ardhini na majini. Ndani ya matope, bakteria huweza kuigeuza zebaki kuwa methilizebaki, sumu inayojilimbikiza katika samaki, hasa wale wanaokula samaki wenzao. Sumu ya aina hiyo, iliyotoka kiwandani, ndiyo iliyowaangamiza wakazi wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo ulipitishwa 2013, ukaanza kutumika 2017, na Kenya ikauridhia 2023. Unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo wengi zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa amalgamu mahali pa wazi na katika maeneo ya makazi. Chombo kilichofunikwa, chenye bomba la kupoza mvuke, huirudisha sehemu kubwa ya zebaki ikiwa kioevu tena, na hilo ni akiba kwa mchimbaji mwenyewe, maana zebaki hununuliwa.

Neno hili lina matumizi mengine yaliyo karibu zaidi na nyumbani. Mkazi wa Oyugis ambaye hajawahi kukanyaga mgodi huenda anayo amalgamu kinywani. Madaktari wa meno wameitumia kwa zaidi ya karne moja kuziba meno yaliyotoboka, wakichanganya zebaki na unga wa fedha, bati na shaba. Mwaka 2022 nchi wanachama wa mkataba huo zilikubaliana kuizuia kwa watoto walio chini ya miaka 15 na kwa kina mama wajawazito au wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima. Ikiwa jinoni hutoa mvuke kidogo mno, usioweza kulinganishwa na ule wa donge lililo motoni.

Basi mwandishi na aandike kwamba mchimbaji alikamata dhahabu kwa zebaki, kisha akaichoma amalgamu. Na asiishie machimboni. Dhahabu inayotoka katika moto huo wa kwanza bado ina mabaki ya zebaki, nayo hutoka mnunuzi anapoiyeyusha tena, pengine katika chumba cha duka mjini.