Bukindo: Ikulu ya Ukerewe na Kivuli cha 1863

Meli inayong'oa nanga Mwanza asubuhi hufika Nansio, makao makuu ya wilaya ya Ukerewe, baada ya mwendo wa saa tatu hivi. Kutoka gatini, bodaboda au baiskeli humpeleka msafiri kilomita chache kati ya mashamba ya mihogo na michungwa, hadi Bukindo. Hapo lipo jumba la ghorofa lenye roshani pana, lililojengwa mwaka 1928 zama za Mtemi Gabriel Ruhumbika. Lilikuwa makao ya watawala wa Ukerewe, na kwa maoni yangu hakuna jengo ukanda huu wa ziwa linaloeleza vizuri zaidi jinsi utawala ulivyobadilika hapa katika miaka mia moja. Anayeishi Mwanza na kutaka kuiona historia kwa macho yake, aanzie Bukindo.

Lakini afike akijua kwamba jumba hili ni geni kuliko utawala wenyewe. Ukoo wa Wasilanga, ambao simulizi za kisiwani zinasema uliletwa na Katobaha kutoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, ulitawala Ukerewe vizazi vingi kabla ya tofali la kwanza kuwekwa Bukindo. Ikulu za watawala wale zilikuwa nyumba za msonge ndani ya uzio wa miti. Nguvu yao haikukaa ukutani. Ilikaa kwenye ngoma, kwenye mvua ambayo mtawala alitarajiwa kuileta, kwenye ushuru wa pembe za ndovu, na kwenye mitumbwi iliyounganisha visiwa na bara. Jina la kisiwa lilivuma hata wafanyabiashara kutoka pwani wakaliita ziwa zima Ukerewe, kabla John Hanning Speke, aliyeliona mwaka 1858 akiwa upande huu wa Mwanza, hajalipachika jina la malkia wake.

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika Kageye, mashariki ya Mwanza, akaliunganisha jahazi lake na kulizunguka ziwa. Alipotaka kuhamisha msafara wake kwenda Buganda, ilimbidi amwendee Mtemi Lukonge wa Ukerewe kuomba mitumbwi. Mgeni mwenye bunduki alikwama ufukweni mpaka mwenye vyombo aridhie. Miaka miwili baadaye, Desemba 1877, wamisionari wawili wa Kianglikana, Shergold Smith na Thomas O'Neill, waliuawa kisiwani humo katika ugomvi uliomhusisha mfanyabiashara Songoro aliyekimbilia kwao. Kwa Lukonge, kisiwa kilikuwa chake na hukumu ilikuwa yake.

Wajerumani ndio waliokomesha hali hiyo. Emin Pasha, akiwatumikia, alianzisha kituo cha Bukoba mwishoni mwa 1890, na cha Mwanza kikafuata punde. Mwaka 1895 Lukonge aling'olewa, na Mukaka akawekwa mahali pake. Tangu hapo mtawala wa Ukerewe alikuwa mtu ambaye boma la Mwanza lingeweza kumweka na kumwondoa.

Alama za boma hilo bado zipo mjini. Katikati ya Mwanza, juu ya kilima cha Robert Koch, lipo jengo la Kijerumani linaloitwa nyumba ya Gunzert, kwa jina la Theodor Gunzert aliyeiongoza wilaya ya Mwanza hadi Vita Kuu ya Kwanza. Koch mwenyewe, daktari aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alipita Mwanza mwaka 1906 akielekea visiwa vya Sese kuchunguza malale. Huko aliwatibu wagonjwa kwa dawa ya atoksili, na baadhi yao, walipopewa vipimo vikubwa, wakapofuka. Kilima kimebaki na jina la daktari. Wagonjwa wale hawana kilima. Anayepanda pale kutazama ghuba na miamba apande akiwakumbuka na wao.

Vita navyo vilipitia Ukerewe. Kisiwa kilikuwa ghala la mpunga la jeshi la Kijerumani, na Waingereza walikiteka kwanza, Juni 1916, ndipo wakaingia Mwanza tarehe 14 Julai mwaka huohuo.

Jumba la Bukindo lilisimama miaka 12 baadaye, na tarehe hiyo haieleweki peke yake. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alipitisha sheria iliyowafanya watemi na machifu kuwa mkono rasmi wa serikali: wakawa na mahakama, hazina na mshahara. Mwaka 1928, mwaka wenyewe wa jumba, reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya haraka kwenda bandarini Dar es Salaam. Mtemi wa wakati huo alihitaji ofisi, karani, mahali pa kumpokea mkuu wa wilaya, na nyumba ambayo mgeni wa Kizungu angeitambua kuwa ya mtu mkubwa. Ndiyo maana Bukindo ina roshani na ghorofa. Mtawala aliyenyang'anywa uamuzi wa vita na wa pembe za ndovu alipewa kuta, naye akazitumia kuwaambia watu wake kwamba utawala bado upo.

Kwa hiyo mimi siwezi kuliita jumba hili jengo la kikoloni tu, wala jengo la kimila tu. Ndani yake mna mapatano: nani alitoa nini, nani akabaki na nini. Msafiri asimame uani, aitazame roshani iliyo juu, ajiulize nani alikaa juu na nani alisubiri chini, na shauri liliishia kwa nani.

Na Ukerewe ina msaada ambao sehemu nyingi hazina. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na ambaye babu yake alikuwa Mtemi Machunda, alikulia ikulu kwa Mukaka, akasomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki Kagunguli. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya kubwa ya Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wa kawaida wanaotafuta mtoto, na ndani yake akahifadhi kilimo, uvuvi, tiba, pombe, posa na maziko ya Wakerewe wa kabla ya boma. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981. Zile nyumba za msonge zilizooza zamani zimo katika kitabu hicho, pamoja na watu waliolala ndani yake. Anayekwenda Bukindo abebe Kitereza kwenye mkoba, asome kurasa chache melini. Jumba litamwonyesha watawala, kitabu kitamwonyesha watawaliwa.

Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, zama za mtemi wa mwisho, Michael Lukumbuzya. Sikitiko langu si kwamba ulifutwa. Taifa lililotaka raia sawa lilikuwa na sababu zake. Sikitiko ni kwamba majengo yaliachwa bila kazi mpya, na jengo lisilo na kazi huanza kuvuja.

Hapa ndipo sheria inapotuangusha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mpaka huo unaifaa Kilwa, unawafaa wenye magofu ya matumbawe ya pwani. Kwetu ziwani, ukiacha michoro ya miambani, vilivyojengwa kabla ya 1863 vilikuwa vya miti na nyasi, havipo tena; na vilivyopo, kama boma, nyumba za misheni na ikulu za watemi, vyote ni vya baada ya mwaka huo. Kwa vipimo hivyo ufuko mzima wa Mwanza hauna jengo la kulindwa. Njia iliyobaki ni tamko la waziri, kwa kila jengo peke yake, na si rahisi tamko litolewe watu wasipoliomba.

Watu huomba wanachokijua, na hukijua wanachofunguliwa wakione. Uholanzi, nchi iliyojaa ngome kama Muiderslot na Loevestein, tangu mwaka 1987 imekuwa na siku za Septemba ambapo majengo ya kale hufunguliwa milango, na familia huyazunguka kwa baiskeli bila kiingilio. Hilo halihitaji utajiri wa Ulaya. Bujora, Kisesa, Padri David Clement na Wasukuma aliofanya nao kazi walikusanya ngoma na viti vya watemi, wakavijengea banda lenye umbo la kiti cha enzi, na hadi leo ngoma za sikukuu ya Bulabo huchezwa hapo kila Juni. Makumbusho hayo ya Bujora yalianza kwa nia ya watu wa mahali.

Ukerewe nayo inaweza kuwa na siku yake. Shule za Nansio zipeleke wanafunzi Bukindo, wazee wa ukoo waeleze, halmashauri ilipe fundi wa kuezeka, na chuo kimoja cha Mwanza kipime na kuchora jumba zima kabla paa halijaanguka. Ombi la tamko la waziri likiandikwa likiwa na michoro hiyo na sahihi za wananchi, litakuwa na uzito. Wanaoweza kulianzisha ni sisi tunaoishi pembeni mwa ziwa, kwa kwenda kwanza kuliona jumba lenyewe.