Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi

Pugu-Kazimzumbwi ni msitu wa asili wa pwani ulio kwenye vilima vya Pugu, Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Upande wa Dar es Salaam unapakana na viunga vya Chanika, Ilala. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Vilima vyake ni vya kadiri, vingi havifiki mita 300 juu ya usawa wa bahari, lakini vimekatwa na mabonde yenye miteremko mikali, na njia za miguu hupanda na kushuka humo chini ya kivuli kizito. Humu huishi komba mdogo wa Rondo, mnyama wa usiku anayepatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Mti wa *Millettia puguensis* umepewa jina la vilima hivi.

Kivutio kingine ni mapango ya machimbo ya kale ya kaolini, udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri. Jua likizama, popo kwa maelfu hutoka humo kwenda kutafuta chakula, na kwa maoni ya mwandishi hilo pekee latosha kumfanya mgeni angoje jioni. Bwawa la Minaki liko jirani. Maporomoko makubwa hayapo. Anayeyataka aende Sanje, katika Milima ya Udzungwa, ambako maji huanguka takribani mita 170.

Hata hivyo, maji ndiyo thamani kuu ya Pugu. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima hivi, ule ule unaofurika Jangwani, jijini Dar es Salaam, mvua zikizidi. Miti ikikatwa kwa mkaa au mashamba, mvua haizami ardhini. Hukimbilia mtoni pamoja na tope. Migogoro ya mipaka upande wa Chanika imevuma tangu miaka ya 1990, nayo haimhusu jirani wa msitu peke yake: inamhusu na mkazi wa Kigogo, mtaa wa Dar es Salaam ulio kando ya mto huo.

Kutoka mjini Dar es Salaam hupitwa Gongo la Mboto hadi Pugu Kajiungeni, ambako barabara ya Kisarawe na ya Chanika huachana. Wakati wa masika miteremko huteleza sana. Juni hadi Oktoba ni afadhali. Mgeni avae viatu vya kufunika mguu na aombe mwongozaji, hasa akikusudia kuingia mapangoni.