Mpiga Picha wa Harusi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumchagua

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake.

Wanachuoni wamekhitilafiana kuhusu picha za kamera. Sheikh Ibn Baz wa Saudi Arabia alizikataza isipokuwa kwa dharura au haja. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, alizijuzisha kwa hoja kwamba kamera huzuia kivuli tu. Ama bibi harusi aliyepambwa kutazamwa na mwanamume asiye maharimu wake, hilo halimo katika khitilafu hii. Aya ya 31 ya Suratun-Nuur imewataja wanaoruhusiwa kuona mapambo yake, na mpiga picha wa kiume wa kando hayumo.

Familia itakayoamua kupiga picha izingatie haya:

1. Upande wa kina mama apige mwanamke. Msiulize jina la studio tu, ulizeni nani hasa atakuja ukumbini na nani atazisafisha picha baadaye. Huenda akapiga mwanamke, kisha kadi akakabidhiwa kijana wa dukani akae nayo kwenye kompyuta. Hapo sitara imeshavunjika.

2. Kadi iwe yenu. Nunueni kadi ya kamera wenyewe, mkabidhiwe sherehe ikimalizika. Ahadi ya kufuta haitoshi, kwani picha iliyofutwa huweza kurejeshwa kwa programu maalumu.

3. Matangazo. Wapiga picha hujitangaza kwa kazi zao Instagram na WhatsApp. Mkatazeni mapema. Hata bibi harusi akiridhia, ridhaa yake haihalalishi kilichoharamishwa.

4. Simu za waalikwa. Mpiga picha mwaminifu hafai kitu iwapo kila mgeni anarekodi. Wekeni mtu mlangoni wa kuzipokea simu, na litajwe jambo hilo kwenye kadi ya mwaliko.

5. Andikianeni. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara imefundisha kuandika deni na kushuhudisha. Andikeni bei, malipo ya awali, siku ya kukabidhiwa kazi na masharti yaliyotajwa, mbele ya mashahidi.

6. Sala na israfu. Ratiba ya picha isimpitishe bibi harusi wakati wa Magharibi, wala gharama isiwaingize wazazi katika madeni.

Picha ikishasambaa hairudi, na heshima ya binti ni amana ya walii wake.

Wallahu aalam.