RAV4 Iliyoturudisha kwa Mkerezaji

Vijana wa gereji wakinisikia nasema kwamba zamani fundi alitengeneza gari badala ya kubadilisha vifaa tu, hudhani ni majivuno ya uzee. Majivuno gani? Hatukuwa na cha kubadilisha.

Nilianza kama spana boi Gerezani, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye gereji ya Kalasinga mmoja ambaye kutupa nati iliyopinda kwake ilikuwa dhambi. Nchi haikuwa na fedha za kigeni, spea ziliingia kwa kibali, na magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kubana mafuta. Tulipokea Land Rover One-Ten-Nine, Peugeot 504 na Datsun 1200. Injini ikichoka ilifunguliwa, silinda zikapelekwa kwa mkerezaji kupanuliwa, zikavalishwa pistoni za ovasaizi. Rejeta iliyotoboka ilizibwa kwa risasi. Bushi tulizichonga kwenye raba ya tairi kuukuu. Mteja alingoja wiki, pengine miezi, maana hakuwa na pa kwenda. Sisemi kazi ile ilikuwa bora. Gari lenye bushi ya tairi lilianza kugonga tena kabla masika hayajarudi.

Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyolegeza mambo: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuleta bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi. Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 akalegeza zaidi. Zikaja pikapu kwanza, halafu saluni za mtumba za Kijapani. Kule Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi wenyewe una gharama. Mwenye gari la miaka minane huona heri aliuze, na usukani wake uko kulia kama wetu.

Ndimo ilimoingia RAV4. Toyota waliitoa mwaka 1994. Escudo ya Suzuki ilikwisha kuwapo tangu 1988, lakini ile ilijengwa juu ya chesisi, na fundi wa Land Rover aliielewa mara moja. RAV4 haikuwa na chesisi. Bodi lenyewe ndilo lililobeba kila kitu, na vyuma vyake vingi vilikuwa na undugu na Corolla na Carina. Injini yake, 3S ya lita mbili, ilikuwa pia kwenye Corona, kwenye Camry, na baadaye kwenye Noah zilizojaa mjini. Waliofurahi zaidi ni wauza spea: kifaa kimoja, wateja wa magari manne.

3S ilikuwa injini ya watu. Bloku yake ni ya chuma. Belti ya taimingi ilitakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini hata ikikatika njiani gari lilizimika tu. Valvu hazikugongana na pistoni. Wateja walipolijua hilo wakawa wanasubiri ikatike. Ilivujisha oili kwenye kava la valvu na kwenye distributa, gari likala bushi na linki za mbele kwa mashimo ya barabara zetu, na yote hayo yalikuwa ya makumi ya elfu ya shilingi. Ugonjwa uliowaumiza watu ulikuwa wa magurudumu manne. Mtu ananunua tairi moja mpya, kubwa kidogo kuliko nyingine tatu, anasahau. Gari linalogawa nguvu mbele na nyuma muda wote haliisahau tofauti hiyo. Difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Kisha fundi mwingine anamshauri avue propela ili aokoe mafuta, na mzigo wote unabaki palepale pabovu.

Wakati huohuo makontena ya Dubai na Sharjah yalianza kushusha nusu gari: mbele yote, injini, gia boksi, taa na rejeta, imekatwa kwa msumeno karibu na kioo. Wafanyabiashara wa Zanzibar na Kariakoo waliijua njia ile vizuri. Injini iliyochoka haikufunguliwa tena. Ilitolewa, nyingine ikawekwa, na kesho yake mteja akaondoka. Rejeta zenyewe zilikuwa na matangi ya plastiki, risasi haishiki. Wakerezaji wa Gerezani wakabaki na malori na mashine za kusaga. Mimi pia nilihesabu fedha na kuona kubadilisha kunalipa.

RAV4 ya pili, iliyotengenezwa kuanzia 2000 hadi 2005, ndiyo iliyoiharibu hesabu hiyo. Zile za 1.8 zilikuja na injini ya 1ZZ, na za mwanzo zilikula oili kwa sababu vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni vilikuwa vidogo, vikaziba. Zile za lita mbili zilikuja na 1AZ: cheni badala ya belti, na bloku ya alumini. Nyingine zilipuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na hizo ziliteswa sana na petroli chafu, miaka ile kabla EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, hawajaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010.

Lakini balaa la 1AZ ni bolti za silinda hedi. Zimeshikwa na meno yaliyokatwa kwenye alumini, na injini ikipata joto mara kwa mara, hasa kwa mwenye kujaza maji ya bomba badala ya kulenti, meno ya upande wa nyuma hung'oka. Hedi hunyanyuka kidogo sana. Maji yanapungua na chini hakuna tone. Fundi anabadilisha gasketi, anakaza bolti, bolti inazunguka tu bila kukaza. Na ukinunua injini ya mtumba, umenunua alumini ileile, yenye umri uleule, ambayo huko ilikotoka huenda ilishachemka.

Hapo ndipo tuliporudi kwa mkerezaji. Tundu linapanuliwa, linakatwa meno mapya, linavalishwa bushi ya chuma, kisha bolti inashika chuma badala ya alumini. Matundu kumi, yote, hata yale ambayo bado mazima; anayeokoa fedha kwa kufanya matatu atarudi. Kazi hii ni ya kuanzia milioni, na mteja aliyezoea bei za 3S hukasirika. Huwa namwonyesha nyuma ya bloku, karibu na gia boksi, ukoko mwekundu wa kulenti iliyokauka, mahali ambapo mashine ya kusoma kodi za hitilafu haiwezi kufika. Wengine huniachia ufunguo. Wengine hununua injini ya mtumba, na nikiombwa naifunga, ila kwanza naomba niifungue hedi, muuzaji akiwepo.