Kangaga na Ngeli ya Kilatini

Kangaga halina ua wala tunda. Uzazi wake umo katika vumbi jembamba linaloshikamana chini ya majani, na labda kwa sababu hiyo halikupata sifa walizopewa asumini na kilua. Neno lenyewe Kiswahili kinalitumia kwa ukarimu: la kando ya mikoko ni kangaga, na la porini huko Nyantakara, mkoani Kagera, msafiri wa pwani ataliita kangaga vilevile. Wapo hata wanaoyaita makangaga majani marefu ya majimajini. Wanasayansi ukarimu huo hawautaki.

Lichukuliwe moja, lile ambalo shina lake hutambaa chini ya ardhi, na moto ukishapita juu yake huchipua upya. Mwaka 1753 Linnaeus wa Uswidi aliliita Pteris aquilina. Jina la kwanza lina asili ya Kiyunani na linahusiana na ubawa. La pili ni la tai, kwani yasemwa kuwa shina likikatwa mshazari huonyesha alama mfano wa ndege huyo. Mwaka 1879 Maximilian Kuhn, Mjerumani, alilihamishia katika jenasi ya Pteridium, na papo hapo aquilina ikawa aquilinum. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo mengi: ngeli imebadilika, kivumishi kimefuata. Herufi L. ya Linnaeus ikabakizwa mabanoni, mbele ya jina la Kuhn, ili mtoaji jina wa kwanza asidhulumiwe.

Uhamisho huo ulichapishwa wapi? Katika juzuu ya mimea ya safari za Baron Carl Claus von der Decken, aliyefika Unguja mwaka 1860, akaukwea Kilimanjaro mwaka 1861 na tena 1862 asifike kileleni, akauawa Bardera, kando ya mto Juba, mwaka 1865. Basi mmea uliojaa Ulaya kwenyewe, na uliojulikana huko karne na karne, ulipata jina linalotumika leo ndani ya kitabu cha safari za Afrika ya Mashariki. Mabano yalimhifadhi Linnaeus. Wapagazi walioibeba mizigo ya baroni hawakuachiwa hata herufi moja.

Herufi walipewa mahali. Kitabu kikuu cha mimea ya Afrika ya Mashariki, kilichotolewa sehemu kwa sehemu kuanzia 1952 hadi 2012, kiliigawa Tanganyika kuwa T1 mpaka T8. Unguja ikawa Z, na Pemba P. Biharamulo na Ngara zimo katika T1, pamoja na Bukoba na Mwanza, na kangaga litakalochumwa Nyantakara litahesabiwa humo humo. Jina la Nyantakara lenyewe hubaki katika kipande cha karatasi kilichobandikwa kando ya jani lililokaushwa, iwapo mchumaji alikumbuka kumwuliza mwenyeji pale ni wapi, na akaliandika kama alivyotamkiwa.