Kabla ya risasi za Kisumu zilitangulia fomu 1,800

Kila Oktoba 25 inapokaribia, Kisumu husimulia upya siku ile ya mwaka 1969: Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, alivyokuja kufungua hospitali, akakorofishana hadharani na kiongozi wa upinzani, Jaramogi Oginga Odinga, na walinzi wake wakawafyatulia watu risasi. Serikali ilitaja vifo 11. Wenyeji hawajawahi kuikubali hesabu hiyo, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipoketi mjini humo mwaka 2011 iliwasikia watu walioitaja idadi kubwa zaidi.

Simulizi hiyo ni ya kweli, ila huanzia katikati. Soma ripoti ya tume, kisha urudi kwenye Not Yet Uhuru, kitabu alichokitoa Jaramogi mwaka 1967, miaka miwili kabla ya mkasa. Utaona kwamba chama chake kilikuwa kikizibwa mdomo muda wote huo, na waliokiziba hawakuhitaji bunduki. Walikuwa na mihuri, leseni na madaftari ya usajili. Upande huu wa historia haukumbukwi sana, pengine kwa sababu karatasi haitoi damu.

Watu wa ziwani hawakuanza jana kudai nafasi ya kusema. Desemba 1921 walikusanyika Lundha, huko Gem, kulalamikia kodi, kipande na kazi za kulazimishwa, katika vuguvugu lililojulikana kama Piny Owacho. Na Juni 1958, Jaramogi alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema kwamba Kenyatta na wenzake waliokuwa kifungoni bado ni viongozi wa watu. Alizomewa na wazungu, na hata Waafrika wenzake walimwona amekwenda mbali mno. Aliyeponza jina lake siku hiyo kwa ajili ya Jomo ndiye aliyekuja kukaa mbele ya Jomo miaka 11 baadaye, akitukanwa.

Ndoa yao ilivunjika mapema 1966. Mkutano wa Limuru wa KANU, chama tawala, mwezi Machi, uliufuta wadhifa wa Jaramogi wa makamu wa rais wa chama na mahali pake ukaweka makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa. Mwezi uliofuata alijiuzulu serikalini na kujiunga na Kenya People's Union, KPU, akifuatwa na wabunge kadhaa. Serikali haikupoteza muda. Katiba ilibadilishwa haraka, ikawa kwamba mbunge akihama chama lazima arudi kwa wapiga kura. Viti 29 vikapiganiwa Juni 1966 katika uchaguzi uliobandikwa jina la Uchaguzi Mkuu Mdogo. KPU iliambulia tisa, ikivizoa vya Nyanza ya Kati, lakini wapinzani kama Bildad Kaggia wakaangushwa nyumbani kwao.

Hadi hapo unaweza kusema ni siasa tu. Mshindi ana haki ya kucheka. Tatizo ni yaliyofuata.

Wakoloni walituachia Sheria ya Utulivu wa Umma ya mwaka 1950. Kwa sheria hiyo, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni, na leseni ilitolewa na mkuu wa wilaya, yaani mtumishi wa serikali ile ile ambayo mkutano ungeikosoa. Waingereza waliitumia dhidi ya akina Jomo. Uhuru ulipokuja, sheria ilibaki na wenye kuitumia wakabadilika. KANU ilikutana ilipotaka. KPU iliomba leseni ikanyimwa, ikaomba tena ikanyimwa tena, na matawi yake yakakwama kwa Msajili wa Vyama. Mwaka 1968 Kaggia, aliyekuwa naibu kiongozi wa chama, alifungwa jela kwa kuhutubia mkutano usio na leseni huko Nyanza Kusini. Mahakama ya rufaa ilimpunguzia kifungo hadi miezi sita. Huyu alikuwa mmoja wa wale sita wa Kapenguria, aliyefungwa na mkoloni pamoja na Kenyatta.

Mwenzao mwingine wa Kapenguria, Achieng Oneko, alionja kejeli ya aina yake. Hadi Aprili 1966 yeye ndiye aliyekuwa waziri wa habari na utangazaji, bosi wa Sauti ya Kenya, redio pekee nchini. Alipoiacha serikali na kuhamia KPU, alipoteza kiti chake cha Nakuru, na redio aliyoisimamia jana ikawa chombo cha wapinzani wake. Redio hiyo ilikuwa idara ya wizara, na sauti ya wizara ni sauti ya waziri aliyepo.

Kisha zikaja fomu. Agosti 1968 kulikuwa na uchaguzi wa madiwani nchi nzima, na KPU ilisimamisha wagombea wapatao 1,800. Kila mmoja alipeleka karatasi zake za uteuzi. Maafisa wa uchaguzi, aghalabu watu wa utawala wa mikoa, walizipitia na kuzikataa. Zote. Sababu iliyotolewa ni kwamba hazikujazwa sawasawa. Katika watu 1,800, kutoka Pwani hadi Ziwani, wakiwamo walimu na makarani walioishi kwa kujaza karatasi, eti hakupatikana hata mmoja aliyejua kuandika jina lake mahali panapofaa. Wagombea wa KANU, ambao bila shaka walisomea shule nyingine, walipita bila kupingwa.

Nimeikalia habari hii ya fomu kwa sababu naiona ndiyo kiini. Mtu aliyepigwa risasi huzikwa na kukumbukwa. Mwenye fomu iliyorudishwa huenda nyumbani, na jirani humwambia kosa ni lake.

Hata hivyo chama kilikataa kufa. Januari 1969 waziri na mbunge wa Gem, C.M.G. Argwings-Kodhek, alifariki kwa ajali ya barabarani Nairobi, na uchaguzi mdogo wa Mei ukachukuliwa na Wasonga Sijeyo wa KPU. Serikali ilielewa kwamba sanduku la kura likiachwa wazi, ziwani litajaza upande mmoja. Kisha Julai 5, Tom Mboya akauawa kwa risasi Nairobi. Mboya alikuwa KANU damu, adui mkubwa wa Jaramogi kisiasa, lakini kifo chake kiliwaunganisha Wajaluo waliokuwa wamegawanyika. Gari la Rais lilirushiwa mawe nje ya kanisa la Familia Takatifu siku ya misa yake.

Hiyo ndiyo hali aliyoikuta Kenyatta alipofika Kisumu Jumamosi, Oktoba 25.

Hospitali yenyewe ilikuwa na historia yake. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, matunda ya ujumbe ulioongozwa na Jaramogi hadi Moscow mwaka 1964 alipokuwa bado kipenzi cha serikali. Mjini iliitwa Russia, na hata leo, baada ya kubadilishiwa jina rasmi, mgonjwa atakwambia anakwenda Russia, na matatu ikipita Kondele utingo huita hivyo hivyo. Kwa hiyo Jaramogi, mbunge wa Bondo na kiongozi wa upinzani, alikuwa mgeni katika sherehe ya jengo alilolitafutia wafadhili, huku mwenyeji akiwa mtu aliyemnyima leseni ya mikutano.

Umati ulikuwa mkubwa, watoto wa shule wakiwamo. Wafuasi wa KPU walianza kupaza kilio cha chama chao, dume, kwa sababu alama ya KPU ilikuwa dume la ng'ombe kama ya KANU ilivyokuwa jogoo. Sherehe ilikuwa ya serikali na kipaza sauti kilikuwa cha serikali. Koo ndicho kipaza sauti pekee walichobaki nacho. Kuna wanaosema walimvunjia Rais heshima, na kwa desturi zetu ni kweli, mzee hazomewi. Lakini watu hao hawakuwa wameruhusiwa kumjibu Rais mahali pengine popote kwa miaka mitatu. Walimjibu alipowajia.

Hotuba ya Kenyatta ilirekodiwa na bado inasikika. Ni Kiswahili cha hasira. Alimgeukia Jaramogi, akamwita rafiki, akamwambia kwamba lau si urafiki huo angekuwa ameshamtia ndani. Aliapa kuwasaga kama unga wale watakaochezea serikali yake. Kati ya sentensi na sentensi yamo matusi ya nguoni ambayo hayachapiki gazetini. Ukiisikiliza kwa makini, hutasikia hoja ya kisera. KPU ilikuwa ikihoji ardhi waliyopewa mabwanyenye, bei ya elimu, misaada ya kigeni. Hakuna hata moja lililojibiwa. Ni bwana mwenye boma akimwonya mpangaji.

Msafara ulipokuwa ukiondoka ghasia zikazuka. Serikali ilisema umati uliushambulia kwa mawe. Walioshuhudia walieleza mbele ya tume jinsi walinzi walivyofyatua ovyo, na jinsi milio ilivyoendelea barabarani kuelekea Ahero na Awasi, ambako watu walikuwa wamejipanga tu kumtazama Rais akipita.

Siku mbili baadaye Jaramogi na viongozi wenzake wa KPU walikuwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Oktoba 30 chama kilipigwa marufuku. Desemba KANU ilifanya uchaguzi na nafsi yake. Jaramogi aliachiliwa Machi 1971, Oneko mwaka 1975, na Sijeyo akakaa ndani hadi Desemba 1978, Jomo akiwa tayari ameshafariki Agosti ya mwaka huo. Tangu siku ile Jomo hakurudi tena Kisumu.

Yaliyobaki yanajulikana. Juni 1982 kifungu cha 2A, cha mfumo wa chama kimoja, kiliandika kwenye katiba kile ambacho muhuri ulikuwa umeshakifanya. Kikafutwa Desemba 1991. Mwaka 1997 makubaliano ya vyama yaliifuta leseni, na mwandaaji wa mkutano akatakiwa kuwaarifu polisi siku tatu kabla. Katiba ya 2010 inatamka haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani. Hata hivyo Oktoba 2017, kaimu waziri wa usalama Fred Matiang'i alipiga marufuku maandamano katikati ya miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na Mahakama Kuu ikalazimika kulisimamisha katazo hilo siku chache baadaye.

Haki hiyo ina upande wa pili ambao sisi wa ziwani hatupendi kuusema. Novemba 2021 msafara wa William Ruto, wakati huo Naibu Rais, ulipigwa mawe Kondele, si mbali na hospitali ile. Siku hizo kujitangaza mjini kwamba hufuati upande wa Jakom, yaani Raila Odinga, mwana wa Jaramogi, kulihitaji moyo. Mji unaodai Jaramogi alinyimwa jukwaa ungeshika hoja yake vizuri zaidi kama ungelinda jukwaa la asiyempenda.

Majina yenyewe yamechanganyika. Hospitali sasa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga. Barabara inayotoka mjini kuelekea Kondele ina jina la Jomo. Uwanja wa Mamboleo una jina la Jomo vilevile, na Oktoba 2025 ndiko mwili wa Raila Odinga ulikolazwa ili watu wa Kisumu wamuage. Inaonekana viongozi wetu wako tayari kupatanishwa kwa vibao.

Ripoti ya tume ilikabidhiwa kwa Rais Mei 2013 na bado Bunge halijaipitisha. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa Jomo, aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali kwa maovu ya zamani, ya utawala wa babake yakiwamo, na akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Agosti 2025 Rais Ruto aliunda jopo la kushughulikia fidia ya waliouawa na kujeruhiwa katika maandamano, na kipindi kilichotajwa kinaanzia mwaka 2017. Aliyepigwa risasi akiwa mtoto wa shule kwenye barabara ya Awasi, kama yu hai, ana miaka sitini na kitu sasa, na kesi yake haimo.